Uchafu wa Kompyuta Hutoka Nje

Mazungumzo ya leo yanahusu kompyuta ya nyumbani, ile inayokaa juu ya meza ya chumbani ikitumiwa na mwalimu kutunga mtihani, na kijana kuandika kazi yake ya chuo, na watoto kutazama filamu siku ambazo hakuna skuli. Nimechagua kuizungumzia kompyuta iliyopo Makoongwe, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Makoongwe ni kisiwa kidogo kilichoelekeana na Mkoani, kusini ya Pemba, na hakifikiki ila kwa kuvuka. Mtu wa mjini kompyuta ikimgomea huitia mkobani, na baada ya muda mfupi yuko kwa fundi. Wa Makoongwe huifunga kwa nailoni isirukiwe na maji, hushuka nayo pwani, huvuka nayo, na fundi wa Mkoani akikosa kifaa kinachotakiwa, safari inaendelea hadi Chake Chake. Kwake yeye kuzuia ni nafuu kuliko kutibu, na akikosea kuchagua cha kuzuia, hasara ni yake peke yake. Basi hoja yangu ni hii: uchafu unaoziua kompyuta za nyumbani karibu wote hutoka nje, unaingia kwa hewa, kwa waya wa umeme, kwa flashi na kwa mikono yetu wenyewe, na zile programu zinazosifiwa kwa kusafisha na kuharakisha kompyuta hazigusi hata sehemu ndogo ya uchafu huo.

Tuanze na hewa. Upepo wa bahari hubeba chembe za chumvi zisizoonekana kwa macho, na katika kisiwa ambacho hakuna nyumba iliyo mbali na maji, chembe hizo huingia kila dirisha. Chumvi kavu si adui mkubwa. Lakini unyevu wa hewa ukifika kiasi cha asilimia 75, chumvi huanza kuyavuta maji yaliyomo hewani mpaka ikayeyuka. Kila mpishi anaijua hali hiyo wakati wa masika, kopo la chumvi linapogeuka uji. Pemba unyevu wa kiwango hicho ni jambo la kawaida, hasa usiku na alfajiri. Sasa chumvi hiyo hiyo ikiwa imetua juu ya bodi ya kompyuta, ikayeyuka, halafu ukapitishwa umeme, shaba huota ukijani, viungo vya vyuma huliwa kidogo kidogo, na baina ya njia mbili za umeme zilizokaribiana huweza kuota uzi mwembamba wa madini ukaziunganisha pasipotakiwa. Ndipo mtu husema kompyuta yake imekufa ghafla, haikuanguka wala haikumwagiwa maji. Haikufa ghafla. Ilikuwa ikiliwa tangu mwaka wa kwanza.

Vumbi nalo lina kosa jingine mbali na kuziba feni, nalo ni kushika unyevu na kuulaza juu ya vyuma. Moshi wa kuni huongeza mafuta, na vumbi likichanganyika na mafuta halipulizwi tena likatoka. Sisimizi hupenda ujotojoto wa ndani ya kompyuta, na mjusi akijipenyeza penye umeme hufa yeye na akaua bodi pamoja naye. Kwa hivyo mahali pa kuiweka kompyuta ni jambo la kwanza kabla ya jambo lolote la programu: si chini ya dirisha linaloelekea bahari, si karibu na jiko, si juu ya godoro ambako matundu yake ya hewa huzibwa na shuka. Kuifunika ni vizuri, lakini ifunikwe kwa kitambaa, na baada ya kuzimwa na kupoa. Kuitandikia kitambaa cha kudarizi huku inafanya kazi, ili sebule ipendeze kwa wageni, ni kuichemsha. Tena, wengi wanaamini kwamba kompyuta isiyotumiwa ndiyo inayodumu. Pwani mara nyingi ni kinyume chake. Ikiwashwa, joto lake hukausha unyevu uliomo ndani. Ikifungiwa kabatini miezi mitatu hubaki na chumvi yake na unyevu wake. Ikilazimu kuiweka, ifungwe ndani ya mfuko usioingiza hewa pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, ambavyo watu huvitupa.

Mwenye mashua hangoji chombo kijae maji ndipo akumbuke kalafati na mafuta ya sifa. Hukitengeneza kikiwa bado kinaelea vizuri. Kompyuta inataka kufunguliwa na kusafishwa ndani angalau mara moja kwa mwaka, na kwa nyumba ya ufukweni mara mbili si nyingi. Brashi laini na kavu inatosha, au mashine ya kupuliza ya fundi, lakini mabawa ya feni yashikwe yasizunguke, kwani feni ikizungushwa mbio na upepo wa mashine huharibika. Kupuliza kwa mdomo kuachwe, maana mdomo hutoa upepo na mate. Kioo kipanguswe kwa kitambaa laini chenye majimaji kidogo tu, na maji yasinyunyizwe moja kwa moja juu yake.

Umeme nao una historia yake kwetu. Mpaka mwaka 2010 Pemba ilikuwa ikitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, na mwaka huo ndipo kebo iliyopitishwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga ilipoanza kuleta umeme wa gridi ya taifa. Hiyo ilikuwa nafuu kubwa, na haifai kuibeza. Lakini baina ya kebo na nyumba ya mtu kuna nguzo, kuna minazi inayoangusha makuti juu ya waya, kuna radi za masika. Watu hulaumu umeme kwa kukatika, na mimi nasema kukatika si hatari kubwa kama kurudi. Umeme unaporudi, kila friji na kila pampu ya mtaa mzima huwaka kwa wakati mmoja, na nguvu huweza kupanda na kushuka kabla ya kutulia. Asiye na stabilaiza ana dawa isiyouzwa dukani: umeme ukikatika, chomoa plagi ukutani, si kuzima swichi tu, na ukirudi subiri dakika chache ndipo uchomeke. Mwenye kompyuta ya mezani, isiyo na betri, ana hasara ya ziada, kwa sababu umeme unaweza kukatika diski ikiwa katikati ya kuandika, na faili likabaki nusu. Huyo afikirie UPS, kile kifaa chenye betri kinachoishika kompyuta umeme ukikatika, kabla ya kufikiria spika mpya. Anayetumia sola na inveta ya bei ya chini aiguse chaja yake baada ya saa moja. Ikiwa inaunguza mkono, huenda inveta hiyo inatoa umeme usio laini, na chaja inalipa gharama.

Hapa tunafika kwenye lalamiko linalosikika kuliko yote: kompyuta yangu imekuwa nzito. Na jawabu linalotolewa haraka kuliko yote ni virusi. Mimi nadhani virusi vinasingiziwa mengi. Kompyuta ambayo asubuhi inakwenda vizuri, kisha baada ya nusu saa feni inaunguruma na kila kitu kinazorota, mara nyingi ina joto. Kichwa cha kompyuta, yaani prosesa, kimetengenezwa kujipunguzia kasi chenyewe kinapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi, ili kisiungue, kwa hivyo uzito ule ni kujihami. Ukiizibua feni, kasi hurudi bila ya programu yoyote. Kompyuta iliyo nzito tangu inapowashwa, dakika tano nzima kioo kimeganda, tatizo lake huwa jingine. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka orodha ya kazi zinazoendelea, na ukiona diski imefika asilimia 100 huku wewe hujafanya kitu, basi aghalabu ni ile diski ya zamani yenye sahani inayozunguka. Diski hiyo huchukua milisekunde kama 10 au zaidi kulitafuta jambo moja lililotawanyika, na diski ya SSD, isiyo na sahani, hulipata kwa muda ulio chini ya sehemu ya kumi ya milisekunde, yaani mara mia haraka zaidi. Hakuna programu ya kusafisha inayoweza kuifuta tofauti hiyo. Kuna pia orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe kompyuta inapowashwa, na hiyo hiyo Ctrl, Shift na Esc hukuonyesha na kukuruhusu kuzizuia, bure, pasipo kupakua chochote.

Sasa nizitazame hizo programu za kusafisha, maana nimezituhumu na ni haki nitoe ushahidi. Nchini Marekani kampuni ya maduka ya Office Depot ilikuwa na huduma ya kuwapimia wateja kompyuta zao bure. Mteja aliulizwa maswali manne kuhusu dalili: je, ni nzito, je, huzima yenyewe, na kadhalika. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya nchi hiyo ilieleza kwamba mteja akitiwa alama ya ndiyo kwa swali hata moja, matokeo yalionyesha dalili za maambukizi bila kujali kipimo chenyewe kimeona nini, kisha akauziwa matengenezo. Mwaka 2019 Office Depot ilikubali kulipa dola milioni 25, na Support.com iliyotengeneza programu ya kupimia dola milioni 10. Hayo yalifanywa na maduka yenye jina na anwani. Fikiria basi lile tangazo linaloruka kwenye kioo na kudai kompyuta yako ina hitilafu 1,347, bonyeza hapa. Wala si lazima programu iwe ya utapeli ndipo idhuru. CCleaner ilikuwa programu halali, inayoaminiwa dunia nzima kwa kusafisha Windows. Mwaka 2017 wadukuzi waliingia ndani ya mitambo ya watengenezaji wake na kupachika programu yao ndani ya toleo la 5.33, likatolewa mwezi Agosti likiwa na saini halisi ya kampuni, na kompyuta takriban milioni 2.27 zikalipokea kabla ya jambo hilo kugunduliwa mwezi Septemba. Watu hao wote walitaka usafi.

Atasimama mtu aniambie: mimi niliitumia programu ya kusafisha na kompyuta ikaenda mbio, utanikatalia nilichokiona? Simkatalii. Diski ikijaa kabisa Windows hukosa pahala pa kufanyia kazi zake za muda, na ukiondoa faili za muda na video zilizokwisha kutazamwa, nafuu huonekana. Ila nafuu hiyo imetokana na nafasi, na Windows yenyewe ina sehemu ya kufuta faili za muda, iliyotengenezwa na waliotengeneza mfumo wenyewe. Lililobaki katika programu hizo, na ndilo wanaloliuza kwa fahari, ni kusafisha rejista ya Windows, ile ghala ya mipangilio. Microsoft wenyewe wanasema wazi kwamba hawaungi mkono programu za kusafisha rejista. Maandishi ya ziada humo ni mepesi mno kuizorotesha kompyuta, lakini ukifuta moja lisilotakiwa kufutwa, unaweza kuamka na kompyuta isiyowaka. Faida ni ya kubahatisha na hasara ni ya kuvuka bahari kwenda kwa fundi.

Na flashi? Kisiwa kinaweza kukosa intaneti wiki nzima na bado kikapata virusi, kwa sababu flashi huvuka na mashua. Mtu huenda steshenari kuchapisha barua, flashi yake huchomekwa kwenye kompyuta iliyokwisha kuchomekwa flashi za watu mia, na akirudi nyumbani hukuta mafolda yake yamegeuka njia za mkato. Hapo wengi hufanya kosa kubwa kuliko virusi vyenyewe, nalo ni kuifomati flashi palepale. Kirusi cha aina hiyo kwa kawaida hakifuti faili. Hulificha folda halisi na kuweka mahali pake kivuli ambacho ukikibofya unakiruhusu kirusi kuingia. Ukiiambia Windows ionyeshe faili zilizofichwa, mara nyingi utayakuta mafolda yote yapo, uyanakili, ndipo ufomati. Ni mchezo wa zamani. Conficker, kilichotokea Novemba 2008, kilisambaa duniani kwa njia kadhaa na mojawapo ilikuwa flashi, mpaka Microsoft ikasambaza mwezi Februari 2011 sasisho la kuzizuia Windows za zamani zisifungue programu za flashi zenyewe. Tangu hapo kirusi hukuhitaji wewe ubofye. Basi iwepo flashi ndogo ya kwendea steshenari tu, isiyo na kitu ila waraka unaokwenda kuchapishwa, au waraka utumwe kwa simu. Na kwa ulinzi wa kawaida, programu ya Defender imo ndani ya Windows bila malipo tangu Windows 8 ya mwaka 2012, nayo inatosha kwa nyumba. Kuweka programu mbili za kuzuia virusi kwa kudhani ulinzi umeongezeka ni kuziacha zigombane, na mzigo wa ugomvi wao unaubeba wewe.

Ulinzi huo unataka Windows isasishwe, na hili la masasisho lina pingamizi ya kweli, nami siipuuzi: masasisho yanakula bando. Mtu ananunua bando la kumwezesha mtoto kusoma, Windows inalimaliza kabla mtoto hajafungua ukurasa. Malalamiko haya ni ya haki, na wanaotengeneza programu hizi huko Marekani hawaijui bei ya bando Pemba. Ila tazama upande wa pili wa mizani. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu moja katika Windows. Mwezi Mei mwaka huohuo programu ya WannaCry ilipita katika tundu lilelile, ikafunga faili za watu na mashirika katika nchi zipatazo 150, zikiwemo hospitali za Uingereza, na kudai fidia. Kwa waliokuwa wamesasisha, tundu hilo lilikuwa limezibwa. Njia ya kati ipo. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi unaweza kuiambia Windows kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo, nayo ikaacha kupakua mambo mazito kwa hiari yake. Kisha mara moja kwa mwezi, kompyuta ikiwa mahali penye intaneti ya ofisi au ya chuo, iachwe imalize madeni yake. Masasisho makuu ya Windows hutolewa Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwa hivyo wiki ya tatu ndiyo wakati mzuri. Anayekwepa masasisho kwa sababu Windows yake ni ya kuvunjwa na aliyeiweka alimwonya asisasishe, huyo ana tatizo kubwa kuliko bando, maana vile vifungulio vya wizi vinavyotumika kuivunja ni mahali panapojulikana kwa kufichwa programu za kuiba nywila.

Tena kuna jambo la sasa hivi. Windows 10 ilifikia mwisho wa masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa watumiaji wa nyumbani waliojiandikisha, masasisho ya usalama yamerefushwa hadi Oktoba 2026. Windows 11 inakataa rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hivi, na nyingi katika hizi tunazozinunua zikiwa zimetumika ng'ambo ni za umri huo. Kuzitupa ni upuuzi, kwani mwili wao bado mzima. Linux Mint au Ubuntu huwekwa bure, huendelea kusasishwa, na kwa kuandika, kuvinjari na kutazama video zinamtosha mtu wa nyumbani. Kikwazo ni kwamba baadhi ya programu za ofisini na za kazi maalumu zimeandikwa kwa Windows pekee, na mwenye kuzihitaji hana budi kupanga bajeti ya kompyuta nyingine.

Mtu wa mwisho kunipinga ni yule anayesema: yote haya nitayafanya, na bado kompyuta itakufa siku moja. Anasema kweli. Chumvi haiishi, radi haina taarifa, na diski zote zina mwisho. Ndiyo maana mwenye fedha ya kununulia kitu kimoja tu kwa ajili ya kompyuta yake, mimi simshauri anunue programu ya aina yoyote, namshauri anunue diski ya nje na kunakili humo picha, vyeti na kazi za skuli. Diski hiyo isikae imechomekwa saa zote, kwa sababu radi na virusi vikiifikia kompyuta vitaifikia nayo pia. Na nakala ya pili isilale Makoongwe. Mpeni ndugu yenu wa Mkoani au Chake akuwekeeni, mbadilishane kila mnapovuka.